Mguu wa mende: kabla hujahesabu misukumo ya neva

Kinachowadanganya wengi siku ya kwanza ya kurekodi misukumo ya neva (ishara fupi za umeme) kwenye mguu wa mende ni mvumo wa umeme wa ukutani. Huo ni wa hezi 50, kwa hiyo kwenye skrini wimbi lake hujirudia kila milisekunde 20 bila kukosea. Neva haina nidhamu hiyo. Chomoa chaja ya laptopu utumie betri, zima taa za tyubu, na mvumo ukibaki, funika kazi kwa boksi lililozungushiwa foili iliyoungwa na waya wa ardhi wa amplifaya (kifaa cha kukuza ishara).

Mende mkubwa mtumbukize kwenye maji ya barafu dakika chache mpaka atulie kabisa. Kata mguu wa nyuma karibu na mwili, choma pini moja ya amplifaya kwenye paja na nyingine kwenye kipande kilichokuwa kimeshikana na mwili. Tone la maji likiziunganisha pini, ishara inapita humo na hutaona kitu. Paka vaselini kwenye kidonda, maana mguu ukikauka umekwisha. Mguu ukiwa kimya mwanzoni usiutupe. Ngoja baridi itoke. (Mende mchanga huota mguu mwingine akijibambua.)

Rekodi angalau sampuli 10,000 kwa sekunde na uchuje kila kilicho chini ya hezi 300. Msukumo mmoja hudumu takriban milisekunde moja tu. Gusa miiba ya mguu kwa kijiti cha meno. Kidole chako chenyewe huleta mvumo.

Kwenye kusoma matokeo ndiko watu huteleza. Msukumo wenye kimo kikubwa kwenye skrini hauna maana kwamba umegusa kwa nguvu. Kila neva hutoa misukumo yenye kimo kilekile, hivyo vimo tofauti ni neva tofauti, au neva iliyo karibu zaidi na pini. Nguvu isome kwenye wingi wa misukumo kwa sekunde. Wanasayansi Adrian na Zotterman walilionyesha hilo mwaka 1926 kwa misuli ya chura. Tena, ukibonyeza mwiba na kuushikilia, misukumo huanza kwa kishindo kisha hupungua. Usiihesabu kwa wastani wa dakika nzima, utaupoteza mwanzo wenye habari.

Mwisho, chukua mguu uliochemshwa, uchome pini zilezile, uguse vilevile. Ukiona nao "unajibu", ulichokuwa ukirekodi ni pini kutikisika.