Machungwa 13 na namba ya tarakimu milioni 41

Maswali ya namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu) yamenijazia inbox, nayajibu kwa mkupuo, nipo kibarazani Ngamiani kikombe cha kahawa mkononi kwahiyo nikiruka hatua mtanivumilia.

*Mwalimu shikamoo, namba tasa kubwa kuliko zote ni ngapi? (Pongwe)*

Marahaba. Kubwa inayojulikana mpaka naandika hapa ni 2 kipeo 136,279,841 toa 1, ilitangazwa Oktoba 2024, aliyeipata ni Luke Durant wa Marekani kupitia GIMPS, ule mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kusaka tasa za Mersenne, yaani tasa za muundo wa 2 kipeo fulani toa 1. Ina tarakimu 41,024,320, yaani ukiisoma tarakimu moja kila sekunde bila kula wala kulala unamaliza siku ya 475. Inaishia na 1 na hilo wala halitaki kompyuta: vipeo vya 2 vinaishia 2, 4, 8, 6 halafu vinarudia, gawa 136,279,841 kwa 4 inabaki 1, basi tarakimu ya mwisho ni 2, toa 1.

*Ustaadh, nani sasa alikaa akaigawa kwa kila namba? (Chumbageni)*

Hakuna, wangezeeka wote. Machungwa 13 ya Muheza unayapanga mafungu ya mawili, ya matatu, ya manne, kila ukipanga linabaki moja linakutazama, umeona kwa macho kuwa ni tasa. Kwa dude hili wanatumia kipimo cha Lucas-Lehmer: anza na 4, izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki tu, rudia. Jaribu 31, ambayo ni 2 kipeo 5 toa 1. 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ukigawa kwa 31 inabaki 8, 8 inatoa 62, ukigawa inabaki 0. Sifuri ikitoka ni tasa, imeisha hiyo. Mizunguko ni kipeo toa 2, kwa 31 ni mitatu tu ila kwa ile kubwa ni 136,279,839, na kila mmoja unazidisha mamilioni ya tarakimu, si mchezo.

*Kwahiyo kipeo kikiwa tasa jibu nalo ni tasa? (Muheza)*

Wengi wanaanguka hapahapa. 2, 3, 5, 7 zinakubali, ukifika 11 unapata 2,047 ambayo ni 23 mara 89. Usijilaumu, mtawa Mersenne mwenyewe mwaka 1644 aliweka 67 kwenye orodha yake ya vipeo vinavyotoa tasa na alikosea, vigawo vikatolewa 1903 na Frank Nelson Cole: 193,707,721 mara 761,838,257,287. Hebu zizidishe kwa mkono uone jasho.

*Inaleta ugali hiyo? (Raskazone)*

Zawadi ilikuwa dola 3,000. Siri za benki zinafungwa kwa tasa za tarakimu mamia tu, hii ni kubwa mno haifai.

*Kuna tasa ya mwisho? (Pongwe tena)*

Hakuna, Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishalimaliza hili zamani sana. Zidisha tasa ulizonazo, ongeza 1, ukigawa kwa yoyote kati ya hizo inabaki 1 tu, kwahiyo lazima kuna nyingine hukuwa nayo. Kuanzia 2 mpaka 13 unapata 30,031, yenyewe si tasa, ni 59 mara 509, na hao wawili hawakuwemo kwenye orodha yako.