Nipime madereva kwa pumzi, mkojo, mate au nywele?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia madereva 22 wa malori ya semi yanayotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mwezi uliopita mmoja alifika alfajiri ananuka pombe, akajitetea kwamba alikunywa jana yake. Mkurugenzi kawaka. Anataka tununue vile vikombe vya kupima mkojo, tupime wote, na atakayekutwa na chochote aondoke siku hiyohiyo. Muuzaji mwingine anatusifia kipimo cha nywele, eti hakidanganyiki. Tuchukue kipi?
Meneja wa usafirishaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hamjatoa hata shilingi, muulize mkurugenzi anataka kujua nini. Kama dereva anafaa kushika usukani saa hii? Au kama alivuta bangi kwenye harusi ya binamu yake wiki tatu zilizopita? Hakuna kipimo kimoja kinachojibu yote mawili.

Kilichowapata ninyi ni pombe, na kwa pombe nunueni mashine ya kupuliza. Mpimeni getini, ufunguo ukiwa bado ofisini, pembeni, si mbele ya matingo wote. Kama ametoka kusukutua kwa dawa ya kinywa yenye spiriti, msubirisheni dakika 15, maana pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba. Ikitoka namba, subirini tena, arudie, muandike zote mbili. Na mashine yenyewe ipelekwe kuhakikiwa kila muda uliotajwa na mtengenezaji. Niliwahi kukuta moja imesahaulika miaka kwenye droo. Nikanywa bia mbili makusudi, nikapuliza: sifuri.

Sasa hiyo "nilikunywa jana". Mwili huondoa wastani wa miligramu 15 za pombe kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Aliyelala saa sita usiku akiwa na 150, saa kumi na moja alfajiri bado ana kama 75. Supu ya pweza haisaidii, wala kahawa, wala kujimwagia maji ya baridi. Kwa hiyo dereva wako huenda alisema kweli kabisa, na bado hakustahili kupewa lori. Kwa dereva wa semi, mimi ningeandika kiwango cha kampuni kuwa sifuri.

Mkojo ni habari nyingine. Aliyevuta bangi mara moja huonekana kwa siku chache. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha. Kipimo kinakwambia alitumia, hakikwambii kama leo amelewa. Mimi nauona unafaa wakati wa kuajiri na kwa kushtukiza. Mkiutumia, pimeni joto la sampuli ndani ya dakika 4: iwe kati ya nyuzi 32 na 38. Kijana mmoja alinikabidhi chupa ya baridi kama maji ya mtungini, uso mkavu kabisa.

Halafu kikombe ni chujio tu, si hukumu. Nikiwa fundi wa maabara kwenye zahanati ya mgodi, opareta wa krini alionyesha mstari wa jamii ya afyuni. Kabla ya jioni kambi nzima ilikuwa inamwita mla unga. Wiki kadhaa baadaye maabara kubwa, yenye mashine za kutenganisha kemikali moja moja, ikakuta kodeini ya dawa ya kikohozi. Alirudishwa kazini, lakini mezani watu waliendelea kumkwepa. Tangu hapo sikubali mtu aitwe ofisini kwa mstari wa kikombe peke yake: gawanyeni sampuli mara mbili, nusu moja ibaki imefungwa kwa lakiri kwa ajili ya uhakiki, na muulizeni faraghani anatumia dawa gani. Wapo wanaotumia methadoni kliniki, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, Muhimbili walianza kuitoa 2011, na hao ni watu wanaojitibu.

Mkurugenzi asilale usingizi mnono pia. Vikombe vingi vya kawaida havioni mirungi wala tramadoli, ile dawa kali ya maumivu, na ninyi mnajua nani anatafuna nini usiku akiitafuta Mbeya. Mwambieni muuzaji awaandikie kila kitu kikombe chake kinachokiona.

Mate yanafaa baada ya ajali: mnachukua mkiwa mnamtazama, na huonyesha matumizi ya karibuni, saa hadi siku moja au mbili. Nywele, za sentimita 4 hivi, husimulia kama siku 90, lakini wiki ya mwisho hazijaiona. Kwa ajali ya jana hazina kazi. Huyo muuzaji mshukuruni, aende.

Na "aondoke siku hiyohiyo" ifuteni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki. Bila hivyo mtakutana na dereva huyo CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na anaweza kuwashinda hata kama kweli alikuwa amelewa. Andikeni sera kwa Kiswahili, isomwe, isainiwe, ndipo mashine inunuliwe.

Jumatatu ya kwanza, wa kwanza kupuliza awe mkurugenzi. Si anaendesha gari la kampuni?