Maswali na majibu: kwa nini kampeni yako ya mchango imekataliwa?

Nachangisha ada ya mwaka wangu wa mwisho chuoni. Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa, wamenikatalia. Nimekosea nini?

Mlango tu. Tangu 2009, Kickstarter inapokea miradi: kitabu, filamu, mchezo, kifaa, kitu ambacho mwishoni wengine watakiona au kukishika. Ada, kodi ya nyumba, hata michango ya hisani, havipiti pale. Jaribu GoFundMe, wao wanapokea shida binafsi, ila hakikisha kwanza nchi yako imo kwenye orodha yao.

Kifaa changu bado kiko kwenye kompyuta, lakini mchoro wake utadhani ni picha halisi. Inatosha?

Haitoshi. Michoro ya kufananisha na picha halisi ilipigwa marufuku Kickstarter mwaka 2012. Wanataka sampuli inayofanya kazi, ionekane ilivyo leo, nyaya zikining'inia na gundi ikionekana. Mwaka 2015 kampeni ya wembe wa leza ulioitwa Skarp ilikuwa imeshaahidiwa zaidi ya dola milioni 4 pale ilipofungwa kwa kukosa sampuli ya namna hiyo, na ahadi zote zikafutwa. Mimi huiamini zaidi video ambayo kifaa kinagoma mara moja, fundi anakigonga kidogo, kisha kinawaka.

Shangazi yangu anafanyiwa upasuaji. Niliandika "Tusaidieni familia yetu katika kipindi hiki kigumu". Sasa GoFundMe wanadai maelezo zaidi. Hawaniamini?

Hujawapa cha kuamini. Nani anaumwa? Wewe ni nani wake? Pesa zitalipia nini, na zitamfikiaje? Andika hivi: "Mimi ni mtoto wa kaka yake. Shangazi anabadilishwa nyonga. Mchango utalipa hospitali na mazoezi ya viungo ya miezi mitatu. Pesa zinaingia kwenye akaunti yake mwenyewe." Hiyo sentensi ya mwisho ina uzito kuliko picha yoyote ya mgonjwa kitandani, ambayo hata hivyo usiiweke bila ruhusa yake.

Wakikuomba barua ya hospitali, usinune. Mwaka 2017, huko Marekani, wapenzi wawili walikusanya zaidi ya dola 400,000 kwa kisa cha mtu asiye na makazi aliyetoa dola 20 zake za mwisho kumnunulia mwanamke petroli. Kisa kilikuwa cha kutunga. Wahusika walifikishwa mahakamani, nayo GoFundMe ikawarudishia wachangiaji pesa zao.

Naweza kuchezesha bahati nasibu ya kushindania simu kwa watakaochangia?

Hapana. Hapo umeingia kwenye sheria za kamari, na majukwaa yote mawili niliyoyataja yanakataa.

Badala ya zawadi ninazowaahidi wachangiaji, niwape hisa za kampuni?

Si Kickstarter. Kuna majukwaa ya uwekezaji yenye usimamizi wake wa kisheria. Marekani, kwa mfano, kampuni haiwezi kukusanya zaidi ya dola milioni 5 kwa miezi 12 kwa njia hiyo. Tafuta mwanasheria kabla ya mbunifu wa picha.

Pesa nilipata, kazi imekwama. Nikae kimya hadi nijipange?

Kimya ndicho kitakachokuponza. Kukwama kwenyewe si kosa, na wachangiaji wengi wanalijua hilo. Masharti ya Kickstarter yanakutaka ueleze pesa zilivyotumika, ufanye kila juhudi ya kumaliza, na zilizobaki uwarudishie ambao hawajapata zawadi zao.

Mwaka 2015 FTC, tume ya Marekani inayowalinda walaji, ilichukua hatua kwa mara ya kwanza dhidi ya mwenye kampeni ya aina hii. Watu 1,246 walikuwa wamemchangia zaidi ya dola 122,000 atengeneze mchezo wa mezani. Kwa maelezo ya tume, sehemu kubwa iliishia kwenye kodi ya nyumba, gharama za kuhama na mahitaji yake mengine, huku wachangiaji wakiambiwa kazi inaendelea.

Kwa hiyo chukua risiti zako leo, ziwe pungufu au kamili, uwaandikie: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na tarehe utakayoandika tena.