Soko mbele ya mlango usiofunguka

Wiki hii mmeuliza ni picha gani ya zamani ambayo msomaji angeitundika ukutani aitazame kila siku. Mimi ningetundika soko.

Ni mchoro wa William Hogarth, mchoraji Mwingereza wa karne ya kumi na nane, uitwao Asubuhi, wa kwanza kati ya minne aliyoichora kuhusu nyakati za siku jijini London. Aliupaka rangi kwanza, kisha ukachongwa kwenye bamba la shaba na kuchapishwa mwaka 1738. Mahali ni Covent Garden, soko la matunda na mboga lililokuwa mbele ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Mapaa yana theluji, na saa ya kanisa inakaribia saa moja. Bibi mmoja mwenye umri wake, kajipamba kama wa harusini, anakwenda kusali. Kitoto cha kazi kinamfuata na kitabu cha sala, kinatetemeka kwa baridi. Bibi mwenyewe kashika upepeo. Upepeo, kwenye theluji!

Wanaoueleza mchoro huu huanza na huyo bibi. Mimi nimelelewa kwa hela ya mchicha na nyanya, macho yangu huenda kwanza kwa wenye bidhaa: vikapu, mboga, moto mdogo uliowashwa chini na watu wakiota mikono. Mama alikuwa anatoka nyumbani saa kumi usiku ili awahi matenga yakishushwa. Watu wakianza kupita kwenda kazini, mafungu yamekwisha kupangwa na mboga zimenyunyiziwa maji. Kwa hiyo nikiona saa ile ya kanisa najua wale wanawake wa Covent Garden wameshakuwa macho muda mrefu sana.

Tena nawaambia siyo Jumapili. Soko lile lilipewa hati na Mfalme Charles II mwaka 1670, lifanyike kila siku isipokuwa Jumapili na Krismasi. Bibi basi anakwenda sala ya siku ya kazi, asubuhi ambayo wenzake wanatafuta riziki. Labda ndiyo maana Hogarth kamchora peke yake, amesimama wima kama mlingoti.

Kando yake kuna kibanda cha kahawa cha Tom King, maarufu kwa ubaya. Kilikuwa kikipokea walevi vilabu vingine vikishafungwa. Wakati huo Tom alikuwa amekwisha kufa, kibanda kikiendeshwa na mjane wake, Moll. Ndani watu wanapigana mpaka wigi linaruka nje mlangoni. Wanaume wawili wametoka na ulevi wao, wamewakumbatia wasichana wa sokoni, na mmoja mkono wake uko pasipostahili. Wachambuzi hucheka hapo. Mimi sicheki. Walevi wa alfajiri nawajua, wale wanaokuja kushikashika nyanya bila kununua na kumwita muuzaji "mchumba" kabla hajafungua biashara. Mama alikuwa na jiwe la mizani la kilo moja. Mizani ilikuwa upande wa kulia, lakini jiwe lile alilikalisha kushoto, karibu na mkono wake wa nguvu. Sijawahi kumwona akilitumia, ila niliwahi kumwona akilishika.

Anayetaka kuutumia mchoro kama ramani asijisumbue: chapa ilitoka imegeuka, kulia kukawa kushoto, kama unavyojiona kwenye kioo. Soko lenyewe nalo halipo tena pale, lilihamishiwa Nine Elms, sehemu nyingine ya London, mwaka 1974. Kanisa bado lipo.

Na kanisa hilo lina kituko kinachonifurahisha kuliko yote. Msanifu majengo Inigo Jones alilijenga miaka ya 1630, akaweka nguzo kubwa na mlango wa fahari upande wa mashariki, unaotazama uwanja. Lakini altare, yaani madhabahu, ilitakiwa iwe upande huohuo wa mashariki. Ikawekwa, na mlango ukabaki pambo. Wauza mboga wa pale, kizazi baada ya kizazi, walipanga bidhaa zao mbele ya mlango usiofunguka. Wa kuingilia uko nyuma, magharibi. Hata bibi na upepeo wake itabidi azunguke.