Mama anajibu "nzuri tu", daktari anaandika dawa zilezile

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama mkwe ana miaka 76, tuko Nansio, kisiwani Ukerewe. Ana presha na kisukari, kliniki yake iko Mwanza. Siku hizi anasahau mno, anadai hajala na sahani bado iko mbele yake. Lakini kwa daktari anajibu vizuri, tunaandikiwa dawa zilezile. Melini ananisumbua sana. Naweza kumwacha nyumbani nikafuata dawa mwenyewe?

JIBU: Marahaba, dada. Mara moja ukikwama, sawa. Isiwe mazoea.

Mzee anayesahau anaweza kumeza glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, asubuhi, uji akausahau. Sukari inashuka, anatoka jasho, anaongea visivyoeleweka, na nyinyi mnasema usahaulifu umezidi. Au anameza mara mbili. Asipokuja, nani atampima? Dawa zikae kwako, umpe chakula kikiwa tayari, umwone akimeza.

Kuhusu daktari, adabu ya salamu hukaa kichwani muda mrefu hata kumbukumbu ikiwa imeondoka. Nami nimeshadanganyika. Bibi mmoja tulicheka naye vizuri tu, mpaka nilipomuuliza amekuja na nani. Akamtazama binti yake, akatabasamu, akanyamaza.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi, umpe muuguzi anapopima presha, usiyaseme mbele ya mama akaona aibu: ilianza lini, na nini alichokuwa anakiweza sasa kinamshinda, kama kuhesabu chenji au njia ya kutoka sokoni. Beba dawa zote, hata za duka la dawa. Piritoni ya mafua, au amitriptilini ya miguu kuwaka moto, huwazidishia wazee usahaulifu. Kama anatumia metformini, dawa nyingine ya kisukari, kwa miaka, uliza kuhusu vitamini B12, maana huishusha. Omba pia vipimo vya thairoidi, kaswende na VVU. Hayo yote huweza kuleta usahaulifu, na yana tiba. Vipimo vikionyesha hana hayo, omba rufaa ya afya ya akili hospitali ya Bugando, hapohapo Mwanza.

Omba presha na sukari ziwe siku moja, na uulizie dirisha la wazee. Habari ya safari mwambie asubuhi ileile, la sivyo atakesha akiulizia meli.

Akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali ya hapohapo Nansio siku hiyohiyo, apimwe sukari, malaria na mkojo.