Kabla hujalipa ada ya MBA ya jioni, watafute waliomaliza darasa

Mkuu, hiyo hela usiilipe Ijumaa. Umesema uko benki hapo Posta, unakaa Kimara, na unashindwa kuchagua kati ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya jioni ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ya Chuo Kikuu Mzumbe kampasi ya Dar. Umeuliza ada, foleni, na jina lipi waajiri wanalipenda. Kuhusu tasnifu, ule utafiti unaoufanya na kuuandika baada ya masomo ya darasani, hujauliza hata neno moja, na huko ndiko watu wanakoumia.

Mimi nilisoma jioni chuo kingine, si kati ya hivyo viwili. Nilikichagua kwa sababu kilikuwa jirani na ofisi. Darasani mambo yalienda vizuri, mitihani nikafaulu. Kisha darasa likavunjika, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, nikabaki na msimamizi wa utafiti mwenye wanafunzi wengi kuliko anaoweza kuwasoma. Nikapeleka pendekezo la utafiti, likalala mezani kwake. Nikifuatilia, yuko safarini. Liliporudi lilikuwa na mstari mmoja tu: badilisha mada. Nikabadilisha. Akahama chuo, nikapewa mwingine, naye mada mpya hakuitaka. Huku muda wa usajili unakatika, na kuongezewa muda kunalipiwa. Nililipa kwa mkopo wa mshahara, mwaka ambao sikufundishwa chochote. Kazini ikatangazwa nafasi ya umeneja kwa mwenye shahada ya uzamili. Matokeo yangu ya darasani hayakuhesabiwa.

Yule ofisa wa udahili sijamsamehe. Aliniambia, "Utafiti ni miezi sita tu, kaka." Alikuwa anajua! Waliokwama walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwake kuomba barua za kuongezewa muda, na bado aliwatazama wapya usoni akawaambia hivyo hivyo.

Kwa hiyo fanya hivi. Watafute waliomaliza masomo ya darasani miaka miwili iliyopita, programu hiyo hiyo, kampasi hiyo hiyo. Walio mwaka wa kwanza watakusifia tu, bado hawajafika kwenye shida. Waulize msimamizi walimpata lini, kazi ikienda kwake inarudi baada ya muda gani, na wangapi kati yao wamevaa joho. Wakikwepa, tafuta kitabu cha mahafali, uhesabu majina yaliyo chini ya programu yako, kisha ulinganishe na idadi ya walioanza pamoja. Chuo ambacho darasa zima linaingia na robo tu ndiyo inatoka, hata wakupunguzie ada, kiache.

Na wewe wa benki una mtihani wa ziada: taarifa za wateja ni siri, hata ukiwa na barua ya chuo usitegemee kupewa. Mada yako ianzie kwenye data unayoweza kuipata, mfano hesabu za mwaka ambazo mabenki huzitangaza hadharani. Ifikirie muhula wa kwanza, usingoje darasa liishe. Uliza pia kama programu inaruhusu ripoti ya mradi badala ya tasnifu kamili.

Foleni isikusumbue, basi la mwendokasi la Kimara linakufikisha mjini. Jumamosi nenda kasimame nje ya ofisi za wasimamizi, sehemu zote mbili. Wale wenye mafaili ya pendekezo mkononi, ongea nao kwanza.