Ndege Yako Inajua Kwao

Kigoma hatuna visiwa vya kutambia kama wenzetu wa Mafia au Ukerewe. Lakini panda boti pale Kibirizi, elekea kaskazini hadi Mtanga au Mwamgongo, kisha uniambie tofauti iko wapi. Mgongoni mlima, mbele maji, na karibu kila kitu, kuanzia saruji hadi bwana harusi, kinakuja kwa boti. Huko ndiko nilikojifunza kurusha droni, na huko ndiko nusura niizike.

Siku hiyo niliirusha tukiwa botini, injini imezimwa, ziwa limetulia. Nikawa napiga picha za mawe yanayoonekana chini ya maji, nikasahau dunia. Betri ilipofika asilimia 25 nikabonyeza kitufe cha kuirudisha. Ikarudi kwa utiifu kabisa mahali ilipopaa, ila sisi hatukuwepo tena pale. Upepo ulishatusogeza zaidi ya mita mia mbili, nami macho yote yako kwenye skrini. Nikaiona inaanza kushuka taratibu juu ya maji matupu. Mzee aliyeshika injini akacheka: “Ndege yako inajua kwao, kijana. Aliyehama ni wewe.”

Nikafuta amri, mzee akawasha injini, tukaikimbilia. Niliidaka kwa mkono, mapanga yake yakanichana kidole. Sikulalamika. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu kabisa. Kikizama kitu humo, msiba umekwisha.

Tangu hapo botini sikigusi kile kitufe kabla ya kukagua mipangilio. Programu nyingi zinakuruhusu kubadilisha mahali pa kurudi, pafuate rimoti uliyoishika. Betri ikibaki asilimia 40 naanza kuirudisha, maana upepo ulioisindikiza kwenda ndio utakaoipiga kifua ikirudi. Ukiweza, rushia nchi kavu kabisa: injini na vyuma vya boti huivuruga dira. Na usiishushe mno juu ya maji, kwa sababu sensa za tumboni huchanganywa na mawimbi yanayometameta. Ukisikia furukombe analia karibu, tazama juu. Yule ndege hapendi mgeni angani kwake.

Vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi vishughulikie mapema, kabla hujafunga begi. Huku ni mpakani, Kongo iko ng'ambo tu, na kitu kinachovuma angani bila maelezo hakimfurahishi askari yeyote. Halafu katikati ya Mtanga na Mwamgongo kuna Hifadhi ya Gombe, alikoanza Jane Goodall kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Bila ruhusa ya hifadhi, usivuke mpaka wake hata kwa hewa.

Kuhusu mwanga, wageni wengi huamka alfajiri bure. Milima yetu iko mashariki, kwa hiyo asubuhi ufuko bado uko kivulini. Kama unataka maji yaonyeshe mawe na mchanga wa chini, subiri jua lipande, saa tano hadi saa nane. Jioni jua linazama upande wa Kongo; hapo piga mitumbwi ikienda kuvua dagaa. Mwezi ukiwa mpevu usitegemee kuiona mingi, kwani taa za wavuvi za kuvutia dagaa hushindwa na mwanga wa mbalamwezi.

Watu waombe kabla hujapaa. Kuna mama mmoja niliyemkuta anageuza dagaa mchangani, akanikatalia katakata: ndege ile ingemwagia mchanga kwenye dagaa wake. Alikuwa sahihi. Nikasogea mbali, nikapaa juu zaidi, kisha nikampelekea skrini aone. Akaitazama kimya, akafuatisha kwa kidole mpaka wa dagaa wake na wa jirani.

“Kumbe amenisogelea hivi,” akasema, akaniomba nisiifute mpaka amwite mwenyekiti.